Maji Yanaondoka, Sabuni Inabaki

Herufi ya kwanza kunyanyuka ilikuwa M. Gari lilikuwa Hiace nyeupe ya njia ya Buhongwa, na ubavu wake wa kushoto nilikuwa nimeubandika mwenyewe Jumatano: MTEGEMEE MUNGU, herufi nyekundu zenye urefu wa sentimita 22. Ijumaa jioni konda akanipigia simu. Jumamosi saa mbili asubuhi gari lilikuwa mbele ya banda langu pale Nyakato, Mwanza, na mwenye gari, mama mmoja wa makamo anayeuza vitenge mjini, ameshuka na kusimama pembeni, mkoba mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama hii."

Akaingiza ukucha chini ya mguu wa M, akavuta. Herufi ikaja nzima, bila kukatika, bila kuacha hata chembe ya gundi kwenye bati. Nikapitisha kidole pale ilipotoka. Palikuwa panateleza. Siku tatu zimepita, gari limepigwa jua kutwa, limepanda na kushuka barabara ya Kenyatta mara sijui ngapi, na bado chini ya ile herufi palikuwa panateleza kama sahani iliyooshwa isisuuzwe.

Nilimrudishia nusu ya hela yake na ile nusu nyingine nikaifidia kwa kubandika upya. Hesabu ya Jumamosi ile ilipotea, maana gari lilisimama mpaka jioni. Ilikuwa mwaka 2017, nina miezi minne tu tangu niachane na brashi nianze stika. Naandika haya kwa sababu mpaka leo nakutana na vijana wenye plota mpya, ile mashine ya kukatia herufi za stika, na chupa ya kupulizia maji ya sabuni, wakirudia kosa lile lile, na mteja anaambiwa stika ndiyo mbovu. Mara nyingi stika haina ubaya wowote.

Kosa langu lilianzia kwenye chupa. Mimi nilitoka kwenye rangi ya mafuta. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Mabatini ambaye kazi yake ilikuwa mabango na milango ya maduka, na kwenye rangi ukikosea unafuta kwa kitambaa chenye thina, unaanza upya. Stika haikupi nafasi hiyo. Gundi yake ikigusa bati kavu imegusa. Ukiivuta kwa nguvu herufi inatanuka, na ikishatanuka hairudi umbo lake. Kwa hiyo siku niliyomwona fundi mwingine akipuliza maji ya sabuni kwenye mlango wa gari, akaweka juu yake nembo kubwa kuliko sinia, kisha akaisogeza kwa ncha za vidole kulia na kushoto mpaka ikakaa anapotaka, nilisimama nikasahau hata nilikokuwa nakwenda. Nikaenda nyumbani na picha ya ile nembo inavyosogea. Kiasi cha sabuni sikuuliza.

Nikawa namimina kwa kukadiria. Mfuniko mzima wa sabuni ya kuoshea vyombo kwenye chupa ya nusu lita, na nikiona herufi bado inashika haraka, naongeza mwingine. Ile Hiace ya mama wa vitenge ilipata mifuniko miwili na ushee.

Yule mzee wangu alipita bandani Jumamosi ile ile mchana, akanikuta nakwangua. Hajawahi kushika plota maishani mwake. Aliokota ile M, akasugua upande wa gundi kwa dole gumba, akanusa. "Hii ni sabuni," akasema. "Mimi ukutani, kama fundi wa nyumba ameosha akaacha sabuni, rangi yangu haishiki. Iweje hiyo karatasi yako ishike?"

Ndipo nilipokaa chini kuelewa maji yanafanya nini pale. Maji matupu ukiyapuliza kwenye rangi ya gari mara nyingi yanajikusanya matone matone, hayatandai vizuri. Sabuni kidogo inayalegeza, yanalala sawasawa kama shuka. Yakishalala, yanakaa katikati ya gundi na bati, gundi inakosa pa kushika kwa muda, nawe unapata nafasi ya kusogeza. Ukija na skwiji, ile plastiki ya kukandamizia, unayafukuza yatoke pembeni. Unyevu kidogo unaobaki unakauka wenyewe, mwingine kwa saa, mwingine kwa siku. Sabuni haikauki ikaenda hewani. Kile kiasi kilichobaki ndani ya herufi kinabaki kimelala juu ya gundi. Kikiwa kidogo mno gundi inakishinda. Kikiwa kingi gundi inashindwa, na hakuna jua la Mwanza litakalokusaidia.

Siku hizi nahesabu. Kwa lita moja ya maji naweka matone matatu, yakizidi sana manne, na natumia kichupa cha dawa ya macho nilichokiosha vizuri, kwa sababu kinatoa tone moja moja na mkono hauwezi kuteleza. Napendelea shampoo ya watoto. Ile sabuni ya vyombo inayojisifu kulainisha mikono siigusi, kwa maana kinacholainisha mikono ndicho kinachobaki kwenye bati. Kisha nachovya vidole viwili na kuvisugua. Vinatakiwa viteleze mara ya kwanza, halafu ngozi ianze kuhisi ngozi. Vikiendelea kuteleza kama umeshika mlenda, mwaga, anza upya. Maji hayo ni bei rahisi kuliko mita moja ya stika.

Na maji yenyewe. Sisi tunakaa kando ya ziwa na tunaona kama maji ni maji. Wakati fulani bomba lilikatika, nikamtuma kijana wangu Kirumba, akarudi na ndoo ya ziwani, inaonekana safi kabisa. Tulibandika herufi za njano kwenye pikapu ya bluu. Zilipokauka, ndani ya njano vikatokea vidoti vidogo kama upele: chembe za mchanga na uchafu wa kijani wa ziwani. Kila chembe ilikuwa imejijengea kichuguu chake chini ya stika, ukipitisha kiganja unakisikia. Tangu hapo maji ya kazi nayachemsha, nayaacha yatulie usiku kucha, nayachuja kwa kipande cha khanga kuukuu. Nikikosa yote hayo, nanunua ya chupa dukani. Lita moja na nusu inamaliza Hiace nzima.

Lakini ukiniuliza ni nini kimeniharibia kazi nyingi zaidi Mwanza, sitasema sabuni wala maji. Nitasema mafuta ya samaki.

Magari yetu yanabeba samaki. Hata yale ambayo kadi yake inasema ni ya abiria, kuna siku yamebeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni, na pikapu ndiyo usiseme. Mafuta yale yanapanda kwenye milango, yanajipaka kwenye fremu, mtu anashika mlango na mkono uliotoka kushika sangara, na yanakauka yakawa kama vanishi isiyoonekana. Ukiosha gari kwa maji na sabuni ya unga, linang'aa, na yale mafuta yapo. Ongeza zile dawa za kung'arishia matairi na dashibodi, ambazo vijana wa kuosha magari wanazipuliza ovyo mpaka ubavuni; zina silikoni, na silikoni na gundi ni maadui.

Kuna namna ya kulipima hili nayoiamini kuliko macho yangu. Baada ya kuosha na kusuuza, mwagia sehemu ile maji safi yasiyo na sabuni kabisa, kutoka juu, usimame uangalie. Bati likiwa safi kweli, maji yanashuka kama pazia moja, yanabaki yametandaa kwa sekunde kadhaa. Penye mafuta, pazia linachanika. Unaona kabisa maji yanapakimbia mahali fulani, yanaacha kisiwa kikavu chenye kingo za mviringo. Hapo ndipo herufi yako itakapoanzia kunyanyuka. Kwenye mlango wa pikapu moja ya mvuvi wa Igombe nilihesabu visiwa vitano, na kimoja kilikuwa na umbo la vidole vinne na kiganja, sawasawa na mahali ambapo mtu husukumia mlango ufunge.

Visiwa navitoa kwa spiriti. Vitambaa viwili: kimoja kina spiriti, kinatangulia, cha pili kikavu, kinafuata nyuma yake kabla spiriti haijakauka. Ukitumia kimoja tu, mafuta yanayeyuka, yanatembea kidogo, yanakaa tena jirani. Kitambaa kikishika weusi nakigeuza, na kikishageuzwa mara mbili kinaingia kwenye ndoo. Petroli wengi wanaitumia kwa kuwa ipo karibu, nami niliitumia mwanzoni. Inaacha utando wake yenyewe, kwa hiyo unatoa mafuta ya samaki na kuweka mengine. Nikimaliza namwagia maji tena kuangalia pazia. Narudia mpaka lisichanike. Kwenye gari la samaki kazi hii peke yake inaweza kuchukua saa nzima, na mteja aliyesimama pale anadhani bado sijaanza.

Kama gari limepigwa rangi mpya, siligusi kwa wiki kadhaa. Rangi mbichi inaendelea kutoa hewa ya thina polepole hata kama kwa mkono inaonekana kavu, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea inainua stika kwa mapovu yasiyokwisha. Hapo hakuna ujanja.

Sasa hali ya hewa. Roli nyingi za stika zinakuja na karatasi ya kiwanda inayokataza kubandika chini ya nyuzi 10 za joto. Kwetu huku hatufiki huko. Shida yetu ni upande wa pili. Bati jeusi saa saba mchana huwezi kuliwekea kiganja ukahesabu mpaka tano, na kwenye bati la namna hiyo maji ya sabuni yanakauka kabla hujashusha chupa. Sabuni inabaki peke yake bila maji, gundi inalainika na kuwa na uroho, na stika yenyewe inalegea kama chapati iliyotoka kikaangoni. Nabandika kati ya saa moja na saa nne asubuhi, au chini ya turubai, na kabla ya kuanza nagusa bati kwa mgongo wa mkono. Likinichoma kidogo, nalivika taulo lenye maji na kusubiri.

Asubuhi ina faida nyingine. Upepo wa ziwani unaanza kuingia nchi kavu kadiri jua linavyopanda, na mchana unakuja na vumbi lote la barabara. Fikiria umeshika transfa, ile karatasi ya juu inayozishikilia herufi katika mstari, yenye urefu wa mita mbili, upande wa gundi uko wazi, na upepo unageuka. Karatasi inajikunja, gundi inakamata gundi, na hapo hakuna mtu anayeitenganisha. Nimepoteza maandishi ya ubavu mzima wa Coaster kwa pumzi moja ya upepo.

Na wale wadudu wa ziwani. Anayekaa Mwanza anawajua: unaona kama moshi umesimama juu ya maji, unadhani kuna kisiwa kinaungua, kumbe ni mamilioni ya vijidudu, na upepo ukiwaleta mjini wanafunika kila taa. Niliwahi kukubali kazi ya usiku, taa mbili kubwa zimewashwa bandani, ili gari liwahi safari ya alfajiri. Wadudu walikuja saa mbili na nusu. Wanapenda taa, na wanapenda bati jeupe lililolowa. Tulipomaliza, chini ya herufi O peke yake niliona kumi na mmoja, mabawa yametandazwa vizuri kama wamechorwa. Niling'oa maandishi yote. Kazi ya usiku karibu na mwezi mwandamo siikubali tena, hata kwa bei mara mbili.

Kubandika kwenyewe, ukishafika hapo, ni kwa utulivu. Herufi zimeshakatwa na plota, zimeshachambuliwa, yaani mabaki yametolewa kwa kibano, matumbo ya O na A yameondoka, na transfa imelala juu kuzishikilia zote katika mstari. Mstari wa kubandikia siupimi kutoka chini, kwa sababu ardhi ya Mwanza ni kilima na mawe, na gari likisimama mbele ya banda langu tairi la nyuma liko chini kuliko la mbele. Napima kutoka ukingo wa chini wa madirisha, sehemu tatu au nne, naweka alama kwa penseli ya mafuta. Jicho la abiria linalinganisha maandishi na dirisha.

Napuliza bati mpaka lilowe lote, bila pengo. Kijana wangu anageuza maandishi uso chini juu ya meza, tunabandua karatasi ya nyuma, na papo hapo napuliza upande wa gundi pia. Huu upande wengi wanausahau. Vidole vyangu navipuliza vilevile, maana kidole kikavu kikigusa gundi kinaacha alama yake milele. Tunabeba watu wawili, mmoja kila mwisho, tunalaza. Inaelea. Hapo ndipo raha ya njia hii ilipo, na sitaki kuificha: unasimama hatua tatu nyuma, unaangalia, unarudi kusukuma milimita mbili juu, unasimama tena. Kwa njia kavu hatua hizo tatu za nyuma hazipo.

Ikishakaa, napuliza juu ya transfa kidogo ili skwiji iteleze isikwaruze, kisha naanzia katikati. Mkandamizo wa kwanza ni mwepesi, wa kuishikiza isiondoke. Wa pili ndio wa kazi: kutoka katikati kwenda kulia, kutoka katikati kwenda kushoto, kila mpigo ukipanda juu ya nusu ya mpigo uliopita, na mkono mzito. Unasikia sauti ikibadilika. Mwanzoni ni mlio wa maji, chwi chwi, mbele ya skwiji linakimbia wimbi dogo. Mpigo wa tatu na wa nne sauti inakuwa kavu. Kingo za herufi nazirudia peke yake, nikiwa nimeifunga skwiji kitambaa laini kinachonyonya maji, kwa sababu maji yanapenda kujificha kwenye kona za ndani za herufi kama K na N.

Halafu unasubiri, na kazi nyingi ninazoziona zimeharibika zimeharibikia hapa. Mikono imemaliza, mteja ameona maandishi yamekaa, dereva amewasha gari, na transfa bado iko juu. Kuna lori moja la Sengerema nililobandika enzi za kivuko cha Kigongo. Dereva alitaka kuwahi kivuko cha jioni, akawa anaangalia saa, mimi nikaogopa kumchelewesha. Nikavuta transfa baada ya dakika kumi. Herufi tatu zikaja nayo. Nikazirudisha, nikakandamiza, zikaonekana zimekaa, akaondoka. Wiki ya pili akanionyesha: zile tatu tu ndizo zilizokuwa zimejikunja kingo na kujaa vumbi. Nyingine zote kumi na nne zilikuwa salama. Siku hizi kivuko hakina tena kazi hiyo, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na zile kilomita 3 zinapitwa kwa dakika chache, ila haraka ya wateja wangu wa ng'ambo ile iko pale pale.

Mimi natoa angalau saa moja kivulini, na kukiwa na mawingu ya masika natoa mbili au tatu. Kisha najaribu kona moja. Nanyanyua transfa sentimita mbili tu, nikiikunja kabisa ijirudie yenyewe, iwe inalala sambamba na bati, siivuti kuja usoni kwangu. Herufi ikibaki, naendelea taratibu. Herufi ikifuata, narudisha transfa chini, nakandamiza pale tena kwa kitambaa, naenda kunywa chai. Transfa ya karatasi nailowesha kwa juu dakika moja kabla ya kuvuta, inalegea vizuri. Ya plastiki hailegei kwa maji, hiyo inataka muda tu. Vipovu vidogo vya maji vitakavyobaki navitoboa kwa sindano nyembamba pembeni yake, nasukuma kwa dole gumba. Sikati kwa wembe, kwa kuwa mkato unafunguka jua likiwaka na shimo la sindano linajifunga. Vile vidogo kabisa, kama punje ya ulezi, naviacha. Wiki moja mbili vinakwisha vyenyewe.

Sharti la mwisho ninampa dereva mkononi: siku tatu bila kuosha, na presha ya maji isielekezwe kwenye kingo hata baada ya hapo.

Nisingependa mtu asome haya akadhani maji ni dawa ya kila kitu. Stika zenye mifereji midogo nyuma ya gundi, zile ambazo ukiigeuza karatasi unaona kama wavu, zimetengenezwa ili hewa itoke kwa njia hiyo. Ukizibandika kwa maji, maji yanaingia kwenye mifereji na hayana pa kwenda. Nilifanya hivyo kwenye boneti ya gari la kifahari la mtu, stika ya bei ghali kuliko zote nilizowahi kushika, na mwezi mzima mteja alikuwa ananitumia picha za ukungu mweupe chini ya nyeusi. Ile yenye matundu ya kioo cha nyuma, ambayo ndani unaona nje na nje huoni ndani, nayo ni kavu tu; maji yanakaa kwenye matundu na kioo kinakuwa kama kimelia. Stika ya kuakisi mwanga nabandika kavu. Kwenye bodi yenye riveti nyingi natumia maji kwa sehemu bapa, halafu kila kichwa cha riveti nakizungushia vitundu vya sindano, napasha kwa draya, nakandamiza kwa brashi ngumu fupi mpaka stika ivae umbo la riveti. Draya niliyonayo ni ya saluni, na inatosha kwa kazi hiyo, ila mkono usisimame mahali pamoja.

Kwenye maandishi makubwa, vioo, nembo za milango, stika ya kawaida isiyo na mifereji, maji hayana mpinzani. Na kazi ambayo mtu anaifanya peke yake bila msaidizi, hiyo ndiyo kabisa. Kuna dada mmoja alijifunza kwangu, sasa ana banda lake Buzuruga, anabandika ubavu wa Hiace bila mtu wa kumshikia upande wa pili. Ameniambia maji ndiye msaidizi wake.

Yule mama wa vitenge hakuniacha. Alirudi mwaka uliofuata na Hiace ya pili, akaniambia anataka maandishi yale yale, rangi ile ile. Ilikuwa asubuhi, bati bado la baridi. Nilimwaga maji mbele yake nikamwonyesha pazia linavyoshuka, na mahali pamoja karibu na mlango wa konda lilipochanika. Akainama kuangalia, akachora kile kisiwa kwa kidole hewani. "Hapo palibeba nini?" akaniuliza mwenyewe, kisha akamgeukia dereva, na dereva akaangalia chini.

Nikamwambia gari litatoka kesho saa nne, mama, leo halitaingia barabarani. Nilitegemea abishe, hesabu ni hesabu. Akafungua mkoba, akatoa nauli, akavuka barabara kusubiri daladala ya kumrudisha mjini.